Damu ya Kupimia Mashine

Asubuhi ya Jumatatu moja mwaka 1997, Rosa Kiden alikuwa akipanga mafungu ya samaki wakavu sokoni Koboko, mtoto wake Viola akiwa mgongoni, aliposikia baridi vidoleni. Alimfungua mtoto akampa jirani yake, Hawah.

"Watu ya damu naita wewe tena?" Hawah aliuliza.

Kabla hajajibu, Rosa alikuwa Arua, ndani ya maabara, kando ya friji, samaki bado mkononi.

Mpimaji, Helen, alikuwa amefungua kichupa cha damu yake. "Karibu, mama. Angalia waya hapo chini."

Damu hiyo watu wa maabara waliichukua mwezi wa tatu, wakasema itasaidia hospitali. Waliigawa vichupani na kuipima mpaka wakaijua barabara, ili kila mashine mpya ya kuhesabu virusi ijaribiwe nayo kwanza. Kila kilipofunguliwa kichupa popote, Rosa alifika; kilipofungwa, alirudi. Alishafika Kampala, na nchi moja yenye theluji, ambako walimwazima koti.

Safari hazikumtisha. Siku hiyo, mtaalamu mgeni alisoma karatasi iliyotoka kwenye mashine, akatabasamu. "Safi. Virusi vya Ukimwi ni vingi vilevile. Mashine haidanganyi."

Rosa aliisogelea karatasi. "Virusi iko kwa nani?"

"Sampuli haina jina," mtaalamu alisema.

"Lakini mimi iko hapa."

"Kwa utaratibu, mama, hupo."

"Daktari, mutoto yangu nanyonya."

Helen aliinua uso. "Mama, sikiliza, usim—"

Mtaalamu akafunga kichupa.

Sokoni, Viola alikuwa akilia kwa njaa. Hawah alimkabidhi kwa mama yake. Rosa alimpakata, akapeleka mkono kwenye kifungo cha gauni, na mkono ukagoma hapo. Mtoto alitafuta ziwa kwa mdomo, juu ya kitambaa.

"Uji iko?" Rosa aliuliza.

Hawah alimimina kidogo kikombeni. Viola aliutema, akazidi kulia. Maziwa yalikuwa yameanza kulowesha gauni.

"Rosa, maziwa si iko? Nani nakataza wewe?"

"Hakuna mutu naambia mimi kitu," Rosa alisema, akampelekea mtoto kikombe tena.

Arua, mashine ilipitishwa kuanza kazi kabla ya chakula cha mchana.