Lupango ya Mulopwe ya Chuma

Pa Nchelenge, pembeni ya ziwa Mweru, paliikalaka mufalme moja ya chuma, na kama unacheka, cheka pole-pole, juu yule alikuwa mufalme kweli. Murefu kupita mulango ya kanisa, kifua yake inatoa mwangaza. Alitoka mu miaka yenye haiyafika bado, mbele kabisa, kule mbali kwenye batu banaikala mu nyota sawa vile sisi tunaikala mu mikini, mu vijiji yetu. Alitawala nyota mingi, na alitawala kwa ukali. Kisha batu yake bakamuchoka. Habakumuua. Bakamutupa nyuma, mu wakati yetu hii, sawa vile mama anamwaga maji ya kunawia, na yeye akaangukia mu ziwa Mweru, upande ya Chienge. Bavuvi ba Nchelenge bakamuvuta na wavu, banazani ni ngwena, ule mamba ya ziwa.

Tate Constantin njo alimupa jina ya Mulopwe, vile Baluba banaitaka mufalme wabo. Huyu Constantin, muzee ya Congo, utoto wake alikomelea karibu na nyumba ya chefu mukubwa wa Baluba, na hakuacha siku moja bila kukumbusha batu ile.

Sasa kulikuwa Mama Nkulu. Huyu alitoka Congo, akavuka ziwa na mutumbwi wakati ya vita, akapita mu kambi ya bakimbizi ya Kenani, leo anaanika chisense pa muchanga, ile samaki kidogo-kidogo yenye inauzwa na kikombe. Mutoto wake wa kiume, Lévi, alienda na mutumbwi ku Kilwa, ngambo ya ziwa, kuleta samaki. Mu njia ya kurudia mvua ikafunga ziwa, mchana ikageuka giza, mawimbi sawa nyumba. Mama Nkulu alisimama pa muchanga, hakuweza hata kuomba. Basi Mulopwe akaingia mu maji, akaenda mpaka maji inamufika ku shingo, akawasha kifua yake. Lévi akafuata ule mwangaza mpaka inchi kavu. Mulopwe akatoka, akaikala fasi yake, hakuomba kitu.

Deni ya namna ile hailipwe na samaki. Mama Nkulu akaenda kuuliza Tate Constantin: mufalme, banamushukuruka namna gani? Muzee akafurahi, juu hapakuwa mutu mwenye kumuuliza kitu tangu alivuka ziwa. Akamuambia mufalme ya kweli anakulaka mafichoni, hakuna jicho ya kumuona. Na huyu wetu, masikini, anaikala pa muchanga wazi, hata mbuzi banamuangalia. Hii haya ni ya nani? Ni yetu.

Bakajenga lupango, boma ya kumuficha. Matete murefu, paa ya majani, juu ya majani bashi, turubai ya kambi, na kamulango kadogo. Mapalo, mwanamuke Mubemba wa pale, mwenye kuanika samaki pembeni ya Mama Nkulu, akaleta majani, akasema nyie ba Congo mulikimbia vita, mukaacha masufuria, lakini mufalme mulibeba. Bakamuingiza Mulopwe pole-pole, banapiga makofi ya heshima. Kila siku banaweka bukari, ugali ya moto, pa mulango. Kila siku sahani inatoka imejaa. Constantin akasema ni vile bafalme banakula, banakamata roho ya chakula, banaacha mwili. Imbwa za pale zilinona sana.

Lakini Mulopwe alikuwa anazimika. Ule mwangaza ya kifua ikakuwa sawa taa yenye mafuta inaisha. Constantin akasema ni huzuni ya kwao. Mama Nkulu hakulala vizuri. Asubui moja akapiga makofi, akainama, akaingia mule ndani.

"Mulopwe, tulikukosea nini?"

"Hapana kitu," Mulopwe akajibu, sauti inatoka mbali. "Bale ba kwetu balinifunga pia mbele ya kunitupa. Lakini bale habakuniletea bukari. Nyie muko na roho muzuri."

Mama Nkulu akaikala chini. Kumbe Mulopwe alizania lupango ni kasho, gereza. Tena aliikubali, juu alijua vile yeye mwenyewe alitawala na ukali.

"Na weye unakulaka nini?"

"Jua," akasema.

Mama Nkulu akaangalia ile paa, na ile bashi juu ya paa. Yeye mwenye kuanika chisense, mwenye kujua kitu inafanyikia samaki kama anakosa jua. Akatoka mbio, akaita batu.

Constantin akasimama pa mulango, akabakatalia kupita. Kumuleta inje akule mbele ya batu, ni kumuvua bufalme.

"Tate," Mama Nkulu akasema, "heshima ya maiti tunaipelekaka ku kaburi. Huyu angali muzima."

Muzee akaacha mulango. Kisha akashika muguu moja ya Mulopwe, yeye wa kwanza. Bakamubeba, bakamulaza pa muchanga, kati-kati ya chisense. Na Constantin akasema: basi tumupe mugongo. Bote bakageuka. Mapalo akaita banamuke benzake na Kibemba, nabo bakageuka. Bavuvi mu mitumbwi nabo bakaangalia ngambo.

Nyuma yabo Mulopwe akalia, sauti ya chuma inakatika. Kwao, ile siku ya kumufukuza, inchi muzima ilimupa mugongo.

"Hata nyie?"

Mama Nkulu hakugeuka. "Hapana, Mulopwe. Huku kwetu, hii mugongo ni mulango. Tulikufungia mulango ili ukule."

Kisha bakasikia kitu inanguruma pole-pole, sawa masini ya kusaga bunga mu mukini ya mbali, na joto ikaanza kubagusa ku mabega. Mapalo akauliza kwa sauti ya chini kama mufalme anakulaka mpaka saa ngapi. Constantin, machozi mu ndevu, akamujibu hayo habaulizake.

"Aksanti," Mulopwe akasema. Neno ile hakuwa nayo mu kinywa yake. Kule alitawala, ni bengine balikuwa banaisema.

Kunguru bakashuka pa chisense ya Mama Nkulu. Alibasikia vile bananyakua, bananyakua, kazi ya wiki muzima. Akasimama vile, uso ku ziwa.

"Kula tu, Mulopwe," akasema. "Kula ushibe."