Semina ya Mama Deki

Maji yalifungwa saa tatu asubuhi kama kawaida, na kufikia hapo Mama Deki alikuwa ameshajaza ndoo sita na pipa moja lisilo na mfuniko. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya leba, wodi ya kuzalia, kwa siku nzima: ya kuosha vitanda vitano, ya kupiga deki, ya kusuuza mabeseni, na ya sista kunawia mikono. Alizipanga ndoo ukutani, akachovya tambara, akapiga magoti chini ya kitanda namba moja, ambako mama aliyejifungua alfajiri alikuwa ameacha kila alichokuwa nacho tumboni.

Watu hawajui. Wakisikia leba hufikiria kilio cha mtoto na shangwe za shangazi. Mama Deki, mfanya usafi wa miaka tisa humo ndani, angekwambia kwamba mtoto ni sehemu ndogo tu ya vinavyotoka. Kuna chupa inayopasuka mtu akiwa kwenye foleni ya kadi, maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vya jirani, naye akadhani amejikojolea, akaanza kuomba radhi. Kuna matapishi. Kuna miguu inayotetemeka wala si baridi. Kuna upepo wa sauti zote, kutoka kwa walimu wa shule na mabinti waliolelewa vizuri. Na kuna haja kubwa, ambayo kliniki hawaizungumzii, lakini huja mara nyingi kichwa cha mtoto kinaposhuka, maana njia hizo mbili ni majirani wa ukuta mmoja. Sista hufuta kwa pamba, anatupa, anaendelea na kazi. Kilichofika sakafuni ni cha Mama Deki.

Zamani walikuwa watatu kwa zamu. Kampuni ya usafi ilipopewa kazi, ikabakiza mmoja na kuleta msimamizi mwenye faili. Huyo msimamizi hajawahi kuona mtu akizaa. Kila siku alifika saa nne na saa nane, akasimama mlangoni kaziba pua, akaandika. Doa likionekana, ni onyo. Onyo la tatu, unavua sare. Mama Deki alikuwa na mawili. La pili alipewa kwa sababu ya beseni la matapishi ambalo mgonjwa mwenyewe alikuwa bado analitumia.

Ndipo akaanzisha semina yake. Hakutumwa na mtu. Kila asubuhi alitoka leba, akaenda kwenye korido, akasimama mbele ya benchi la wanawake wanaosubiri uchungu ukolee, akaegemea mti wa deki.

"Wanangu, nisikilizeni mimi kabla ya sista," alisema asubuhi hiyo. "Choo ni kile pale mwisho. Nendeni sasa, na mkirudi nendeni tena, hata kama hamsikii kitu. Kitanda cha mle ndani si choo. Mimi nimezaa wanne na sijachafua hata kitambaa. Mwenye adabu zake hujizuia."

"Na upepo je, mama?" aliuliza mmoja, mnene, mwenye mimba ya tano.

"Upepo nauruhusu. Haufagiwi."

Benchi zima likacheka, wengine wameshika viuno. Aliyebaki na uso wake ule ule alikuwa binti mmoja wa pembeni, mshona sare za shule, mimba yake ya kwanza. Kila kitu kwenye mfuko wake kilikuwa kimekunjwa kwa pembe nne, na hata shuka la kulalia alikuwa amelipindia mwenyewe kwa uzi wa rangi ya maziwa. Alimsubiri Mama Deki amalize, akamfuata mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama. Na kama ikija yenyewe?"

"Marahaba. Haiji yenyewe, mwanangu. Inaachiliwa."

Binti akaitikia kwa kichwa kama aliyepokea vipimo vya nguo. Katika saa moja iliyofuata alikwenda chooni mara tatu.

Saa sita alikuwa kitanda namba tatu. Zamu ilikuwa na mkunga mmoja, mwanamke mwembamba aliyezoea kuwahesabu akina mama kwa vitanda, si kwa ubaya, ila majina yalikuwa yanamchelewesha. Alimpima mshonaji, akavua glovu.

"Namba tatu, njia imefunguka yote. Uchungu ukija, vuta pumzi, kidevu kifuani, halafu sukuma kama mtu anayekwenda haja kubwa. Hivyo hivyo. Umenielewa?"

Mshonaji alifumbua macho makubwa. Hakumtazama sista. Alimtazama Mama Deki, ambaye alikuwa anakamua tambara miguuni pa kitanda.

Uchungu ukaja. Mshonaji akakunja uso, akakaza shingo mpaka mishipa ikasimama, akaguna vizuri kabisa. Mtu aliyesimama upande wa kichwani angesema huyu anajua kusukuma. Lakini Mama Deki alikuwa chini, anaona yasiyoonekana kutoka kichwani: vidole vya miguu vimejikunja, mapaja yanabanana, na mkono mmoja umepita nyuma, umeshikilia kipande cha shuka kwa nguvu pale pale. Binti alikuwa anasukuma kwa uso na kuvuta kwa kiuno.

Mama Deki alijua. Tuseme ukweli, alijua kuanzia uchungu wa kwanza. Mwanamke aliyezaa wanne hahitaji kufundishwa hilo. Na kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa: mtoto mwema huyu, anasikia akiambiwa. Sakafu ya namba tatu ilikuwa kavu. Ilikuwa saa saba na dakika kumi, na msimamizi anakuja saa nane.

Sista aliitwa namba tano, ambako damu ilikuwa haikatiki, akaondoka akisema, "Namba tatu, endelea hivyo hivyo, nakuja." Akakaa huko. Mara mbili aligeuza shingo na kuuliza, "Namba tatu, kichwa kinaonekana?" na mara mbili Mama Deki akajibu, "Bado, Sista." Lilikuwa jibu la kweli. Angeweza kuongeza maneno matatu tu, anajibana huyu, Sista. Hakuongeza.

Mshonaji alikuwa amelowa jasho. Kati ya uchungu na uchungu alinong'ona, "Mama, naomba unipeleke chooni. Inataka kutoka ile nyingine."

"Vumilia kidogo," Mama Deki alisema.

Saa nane msimamizi akafika. Akasimama mlangoni, akaziba pua, akatupa macho kitanda kwa kitanda. Namba tano palikuwa na damu, lakini sista alikuwa amepiga magoti hapo, na hata yeye akaona aibu ya kuuliza. Namba tatu akapapenda. "Hapa sawa," alisema, akaandika, akaenda zake. Mama Deki akashusha pumzi, na hiyo pumzi ndiyo iliyomsumbua baadaye kuliko yote.

Kwa sababu haikupita hata dakika moja sista alipofika na kikopo chake cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka juu ya tumbo la mshonaji, akatega sikio. Akakisogeza. Akatega tena.

"Mapigo yanashuka," alisema. "Dada, mbona husukumi? Unataka kumuua mtoto wako? Sukuma."

"Nasukuma," alilia binti.

"Husukumi. Nakuona."

Mama Deki aliacha deki ikaanguka. Akaja kichwani, akainama mpaka mdomo ukagusa sikio lenye jasho.

"Mwanangu, achia."

"Nitachafua."

"Chafua. Nilikudanganya. Mimi wa kwanza nilijisaidia mbele ya daktari na wanafunzi wake sita, mmoja akakimbia nje. Wa pili vile vile. Wote wanne. Kila mtu anachafua. Hiyo unayoizuia ndiyo njia ya mtoto. Achia, nasafisha mimi, ndiyo kazi yangu."

Binti alimtazama. Kwa nukta moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa akiwa anaona. Kisha uchungu ukamkamata, akaachia.

Vilitoka vyote. Vilitoka kwa pamoja na bila utaratibu, haja kubwa na ndogo na maji mengine yenye rangi ya majani mabichi, vikapita juu ya shuka lenye pindo zuri, vikafika sakafuni na kwenye viatu vya sista. Mshonaji akasema samahani, samahani, samahani, huku anasukuma, na katikati ya samahani ya tatu au ya nne kichwa kikatoka, halafu mabega, halafu mtoto wote, wa kike.

Hakulia. Alikuwa na rangi ya bluu na alilegea kama nguo iliyolowa. Sista akakata kitovu, akamkimbiza kwenye meza ya pembeni, akamsugua mgongo, akamwekea kipira cha kupulizia hewa puani na mdomoni, akaminya, akahesabu. Mama Deki alisimama kwenye uchafu wote ule, asijue mikono aiweke wapi. Aliomba. Aliomba vibaya, kwa kupatana bei: Mungu achukue sare, achukue kazi, msimamizi arudi sasa hivi aandike maonyo kumi.

Mtoto alikohoa. Baada ya hapo akatoa sauti nyembamba, ya kukatika katika. Sista hakutabasamu. "Amechoka sana huyu," alisema, na akampeleka chumba cha watoto wachanga, akarudi mikono mitupu. "Watamwangalia. Mambo ya kichwa hayajulikani leo wala kesho. Mpaka akue."

Mama Deki alisafisha. Alitumia ndoo mbili nzima. Alipomaliza alimkuta sista kwenye meza yake, anajaza fomu. Mama Deki hakusoma sana, lakini miaka tisa ilimfundisha kuyatambua maneno yanayoandikwa mara nyingi. Sababu ya kuchelewa: mama hakushirikiana.

"Sista, si hivyo," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia ajizuie. Asubuhi, kwenye benchi. Na nilimwona anajibana, nikakaa kimya mpaka yule wa faili akapita."

Sista aliacha kuandika. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Semina yako nimeisikia kila siku, Mama Deki," alisema polepole. "Nilikuwa nacheka. Ilikuwa inanipunguzia kazi." Akageuza fomu ili aione. "Haya, tafuta. Pana mama, pana mtoto, pana mkunga. Wewe nikuandike wapi? Nikiandika mkunga, wataniuliza nilikuwa wapi dakika hamsini. Nitasema namba tano. Watasema kwa nini hukuomba msaada. Naomba tangu mwaka juzi."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Yeye hafukuzwi kazi," alisema sista, akaunakili mstari ule ule kwenye kadi ya mtoto, akapiga muhuri kote kuwili.

Mshonaji alihamishiwa wodi ya waliojifungua, kitanda cha dirishani, hana mtoto ubavuni. Mama Deki alimfuata. Alimkuta anajaribu kukaa, maziwa yameanza kuvuja na kulowesha gauni, na hilo nalo lilikuwa linamshangaza.

"Mama, nipe ndoo," alisema binti. "Shuka nitafua mwenyewe. Nisamehe, nilikuchafulia."

"Usiniombe msamaha. Kosa ni langu." Na akamweleza yote, pamoja na saa nane, pamoja na pumzi. Hakujipunguzia.

Binti alitazama matone ya maziwa kwenye gauni.

"Umemwambia sista?"

"Nimemwambia."

"Ameandika?"

"Hapana."

"Basi mama mkwe anakuja saa kumi," alisema mshonaji. Sauti yake haikupanda. "Mwambie yeye. Kwa sababu sista hatakaa na mimi nyumba moja, yeye nitakaa naye. Mtoto akichelewa kutembea, akichelewa kusema, nitakuwa mimi. Mwambie mbele yangu."

Saa kumi mama mkwe akaingia, mwanamke mpana, mwenye haya, chupa ya chai mkononi na kadi ya mjukuu kwenye mkono wa pili. Alikuwa amepitia chumba cha watoto wachanga. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Tumeambiwa ulimbania mtoto," alimwambia mkwewe. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilichoma. "Mwanangu, mbona tulikuelekeza yote? Uliogopa nini?"

Mama Deki akaweka ndoo chini. "Mama, si yeye. Mimi ndiye niliyembania." Akasema yote tena, mbele ya wagonjwa na wageni wao, wakiwemo wawili waliosikiliza semina ile ile asubuhi na sasa wakainamisha nyuso. Alisema kuhusu choo, kuhusu adabu, kuhusu faili. Alisema nilimwona nikanyamaza.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Alitazama sare ya bluu iliyopauka, mikono iliyobambuka kwa dawa. Kisha akatazama kadi, akaisoma tena kwa kidole, mstari wenye muhuri.

"Dada yangu," alisema, akamshika bega, "una moyo mzuri. Lakini usijitwike yasiyo yako kwa kumwonea huruma mtoto wa watu. Mpiga deki atamzuiaje mtu kuzaa? Hapa sista ameandika." Akafungua mkoba, akatoa mche mpya wa sabuni aliokuwa amemletea mzazi, akamtia Mama Deki mkononi na kumfumba vidole. "Chukua. Nasikia ulisafisha kila kitu peke yako. Mungu akuzidishie."

"Mama, mimi nakwambia kweli."

"Najua, dada. Najua."

Mama Deki aligeuka kumtafuta mshonaji, amsaidie, aseme neno. Binti alikuwa anawatazama wote wawili, sabuni na kadi, na ilikuwa wazi kwamba anapima, kama mtu mwenye kitambaa kisichotosha, ni kipi kitakachoaminiwa nyumbani. Akajifunga shuka la hospitali kifuani kuficha maziwa.

"Mama," alimwambia mkwewe, "nisamehe. Kweli sikusukuma."