Hatua Arobaini na Mbili

Kwa siku kumi na nane tangu ahamie nyumba ya wazee, Kauko Räsänen hakukanyaga ukumbi wa chakula. Merja, binti yake wa pekee, alipewa habari hiyo Jumanne na muuguzi Jonna, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa taifa.

"Anakataa," Jonna alisema. "Tunampelekea sinia chumbani, anairudisha nusu. Amepungua kilo nne. Ijumaa daktari anakuja kuamua. Kama hali ndiyo hii, atahamishiwa upande wa pili."

Upande wa pili wa nyumba ile ya wazee milango ilifunguka kwa namba za siri, na wakaaji hawakupewa namba hizo. Walilishwa kwa kijiko.

"Mmemwuliza kwa nini?"

Jonna alishtuka kama aliyeulizwa uzito wake. "Mtu amefunga mlango wake! Tungemsumbuaje?"

Hata Merja hakuwa amemwuliza. Kila alasiri aliendesha gari kilomita sitini kwenye theluji, na chupa ya supu ya samaki kando yake. Alimtazama baba yake akinywa, wakazungumza hali ya barabara, akaondoka. Yeye ndiye aliyemtoa shambani. Mwezi Oktoba mzee alianguka kando ya banda la kuni, akalala kwenye baridi kwa muda wa saa mbili, mpaka binti yake alipotokea. Merja alipomwambia kwamba sasa ni lazima ahame, mzee alijibu neno moja tu: "Haya." Tangu siku hiyo neno lile lilimchoma Merja kama mwiba.

Jumatano alikuja mapema, saa tano kasorobo, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, bila supu. Kabla hajabisha, mlango wa chumba ulifunguka kidogo, mkono ukatoka, ukamvuta ndani.

"Shh!"

Kauko, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa amevaa sweta safi na tai. Nywele alizilaza kwa maji. Viatu viling'aa. Jicho lake la kulia lilikuwa limegandamizwa kwenye kitundu cha mlango.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakwenda kula."

"Mbona huendi?"

"Kuna mtu koridoni."

Merja akamwomba nafasi, akachungulia. Bibi mmoja alikuwa akipita na kigari chake cha kutembelea, polepole kama anayesindikiza maiti. Baada ya muda mrefu akatoweka.

"Ameshapita."

"Ngoja. Huyo wa chumba cha mbele hajatoka. Nikitoka, naye akatoka?"

"Mtasalimiana."

"Halafu?"

"Halafu mtakwenda kula."

"Ni hatua arobaini na mbili, Merja! Tutazungumza nini hatua zote hizo?"

Mtu wa nchi nyingine angecheka. Merja hakucheka. Asubuhi ile ile alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, koti mwilini na mkoba begani, akingoja jirani na mbwa wake wamalize kushuka ngazi. Hakuwa na ubaya na jirani, wala na mbwa. Ni adabu tu: mtu asilazimishwe kusalimu kabla hajawa tayari.

"Na koridoni kukibaki kutupu?"

"Hapo ni karibu saa sita. Wenzangu wamekwisha kaa. Niingie watu arobaini wanigeukie? Bora njaa."

Siku kumi na nane, na kila siku amevaa tai. Merja alikaa kitandani.

"Nilidhani umenikasirikia."

"Kwa lipi?"

"Kukuleta huku. Ulisema haya, basi. Hukusema kingine."

Mzee hakuliondoa jicho kitunduni, na pengine ndiyo maana aliweza kusema. "Siku ile nililala pale nikisikiliza gari lako. Kila upepo ulipovuma nilidhani ni wewe. Lakini si siku ile tu. Tangu mama yako afe, kila jioni nilikuwa nasikiliza. Uliposema nihame, nilikuwa nimechoka kusikiliza. Sikukasirika. Ila kule nilikuwa na mlango wa nyuma. Hapa mlango ni mmoja."

Merja aliinuka. Alichofanya baada ya hapo hakuwahi kukifanya maishani. Alitoka, akavuka korido, na bila miadi wala kupiga simu kwanza, akabisha mlango wa mtu asiyemjua. Nyuma yake alimsikia baba yake akiguna kama aliyechomwa na makaa.

Mlango ulifunguka papo hapo, upesi mno kwa mtu aliyekuwa ameketi. Mzee mrefu, amevaa koti la suti, alisimama akiwa ameshikilia kitasa.

"Mnakwenda lini?" aliuliza kwa uchungu. "Nawangoja tangu saa nne na nusu."

"Wewe huli ukumbini?"

"Nilikuwa nakula, mama! Sasa wiki ya tatu kuna mtu mpya hapo mbele. Kila nikitaka kutoka, namsikia anapumua nyuma ya mlango. Nimeishi kwa biskuti."

"Sipumui kwa nguvu kiasi hicho," ilisema sauti ya Kauko, na mwenyewe akatokeza, masikio mekundu.

"Unapumua kama trekta."

Kauko alilitafakari shtaka hilo kwa makini. "Trekta gani?"

"La zamani. La silinda tatu."

"Nilikuwa nalo. Lilikuwa gumu kuwaka wakati wa baridi."

"Yote yalikuwa magumu kuwaka."

Mzee mrefu akanyoosha mkono. "Vainikainen."

"Räsänen."

Walishikana mkono mara moja, kwa uzito wa marais wawili, wakaanza safari. Baina yao waliacha nafasi ya mtu wa tatu. Merja hakuwafuata. Aliwatazama mpaka walipoingia ukumbini. Baba yake hakugeuka nyuma.

Ijumaa jioni simu ililia.

"Daktari alikuja saa tano na robo," Kauko alisema.

Merja alishika ukingo wa meza. "Akasemaje?"

"Hakunikuta chumbani. Akanifuata ukumbini, akaniona natafuna, akaenda zake. Jonna anasema nabaki hapa hapa."

"Nashukuru, Baba. Kesho basi nitakuja—"

"Kesho usije. Vainikainen ana picha za mashine zake, tutazitazama mchana kutwa. Njoo Jumapili."

Akakata bila kuaga, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kwa wiki tatu Merja alikuwa ameombea jambo hilo hilo: baba yake apazoee pale. Jumamosi ilipofika alikaa jikoni, ufunguo wa gari kiganjani, na ulipita muda mrefu kabla hajaurudisha kwenye ndoano.