Mlango Alioushikilia Bibi Kiko

Usiku wa kuamkia leo niliota niko soko la Soweto, hapa Mbeya, nanunua maharage, na juu ya kichwa changu pameandikwa 38. Sikushangaa. Nina miaka thelathini na nane, na mama aliyekuwa akinipimia alikuwa na 52 juu ya kilemba chake.

"Maharage ya mwaka huu yanaiva haraka," akaniambia.

Nikamshukuru. Akaniambia maharage ya mwaka huu yanaiva haraka. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema maharage ya mwaka huu yanaiva haraka.

Hapo nikajua nimo ndani ya gemu, na nikajua ni gemu gani. Nimeicheza mpaka mwisho mara kumi na nne. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, nina heshima zangu, na hilo nalisema mbele ya mtu yeyote.

Niieleze kidogo kwa ambao hawakukulia mtaa wetu wa Sinde. Mwaka 2001 mjomba alirudi kutoka Tunduma na mashine ya gemu na sidii moja tu, na sidii yenyewe ilikuwa ya Kijapani. Mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyejua hata herufi moja. Wengine wangeitupa. Mimi Tumpe na mdogo wangu Lusajo tulichukua daftari la kaunta, tukaanza kuandika maana ya kila neno kwa kuangalia kinachotokea ukilichagua. Watoto wa jirani walileta ushahidi, tukaupokea au tukaukataa. Vitani kulikuwa na amri tatu. Ukichagua ya kwanza, shujaa anapiga, tukaandika Piga. Ya pili, moto unatoka mkononi, tukaandika Uganga. Ya tatu, shujaa anainamisha kichwa, na mara nyingi adui anawaacha mnapita salama. Hiyo tuliikalia kikao siku mbili. Tukaandika Salimia.

Wanafunzi wangu wana gemu ambazo hata majani yanacheza kwa upepo. Kila moja wanaimaliza kwa wiki moja na mwezi ujao hawakumbuki jina lake. Ya kwetu watu wake wana vichwa vya mraba, lakini mpaka leo kuna baba wa watoto wanne pale Sinde asiyemsalimia fundi baiskeli kwa sababu ya ubishi wao kuhusu mlango wa tano wa gemu hiyo.

Na mimi na Lusajo tuna mlango wa tisa.

Katika safari ile shujaa ana wenzake watatu, na mmoja ni bibi mvuta kiko, tukamwita Bibi Kiko. Mkifika mlango wa tisa, jiwe linaanza kushuka. Bibi anaingia chini yake, analishikilia kwa mabega ili ninyi mpite. Gemu inasimama na kuuliza swali lenye majibu mawili, moja juu, moja chini. Ukibonyeza juu, mnapita, jiwe linaanguka na bibi haonekani tena. Ukibonyeza chini, anatikisa kichwa na swali linarudi. Mimi msimamo wangu ni juu, kwa sababu bibi ameshaamua na mtu mzima anaheshimiwa. Lusajo msimamo wake ni chini. Anasema ukibonyeza vya kutosha, bibi atakubali kutoka. Siku moja, akiwa na miaka kumi, alibonyeza chini mara mia mbili na sita. Ya mia mbili na saba nikampokonya pedi ya kuchezea, nikabonyeza juu.

Tumebishana tangu siku hiyo. Sasa yeye ni wakala wa forodha Tunduma. Sisi si ndugu wa kupigiana simu kuulizana umelalaje. Tunapigiana kuhusu mlango. Bila mlango ule sijui tungezungumza nini. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba gemu imetolewa upya, na tafsiri rasmi ya kila neno, na ameshaagiza. "Sasa tutajua, dada," akaandika. Nilimjibu "Sawa" na nikakaa vibaya wiki nzima.

Basi pale sokoni nikaacha maharage, nikaanza kwenda mlango wa tisa. Nilitaka kufika kabla mtu hajasoma tafsiri ya swali lake.

Kila baada ya hatua saba soko linazunguka na adui anatokea. Hizo ndizo sheria. Wa kwanza ni fisi mwenye miwani ya kusomea. Anasimama upande wa kushoto, mimi wa kulia, tunangojeana zamu. Namwangalia juu ya kichwa. Ana 61.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, mwanangu. Watoto wa siku hizi wanapiga moja kwa moja. Pita."

Wa pili ni mjusi wa ukubwa wa lori, ana 70. Namwamkia, anaitikia, anauliza kwetu ni wapi. Nasema Sinde. Anasema anawafahamu watu wa Sinde, walipita kwake miaka ile na hakuna aliyemgusa. Nilijisikia vizuri sana.

Njiani chungu kimoja, cha aina tuliyokuwa tukivunja kwenye gemu, kikanisimamisha. Kilikuwa kimekaa mlangoni kwa watu, na kilikuwa na hasira.

"Wewe ndiye Tumpe?"

"Ndimi."

"Mmevunja ndugu zangu mia nne mkitafuta dawa. Mlipata ngapi?"

"Sita."

"Sita," kikasema. "Na mliingia nyumba za watu bila hodi."

Nikaeleza kwamba kwenye daftari tuliandika wazi kuwa wenye nyumba hawakukataa. Kikaniambia wenye nyumba walikuwa na sentensi moja tu kila mmoja, wangekataaje. Nikakipa pole za mtaa mzima, nikaendelea.

Kituo cha Kabwe pana bomba la maji. Katika gemu yetu unasevu, yaani unahifadhi ulipofikia, kwa kunywa kisimani, kwa hiyo nikainama ninywe.

"Unataka kusevu?" bomba likauliza.

"Nataka."

"Kuna ya zamani humu. Ni mvulana wa miaka kumi, ameshika mikono hewani kama bado ana pedi, analia. Nikikusevu wewe, yeye anafutika. Nimfute?"

Foleni ikawa ndefu nyuma yangu, wote wana namba vichwani, na hakuna aliyenung'unika.

"Usimfute," nikasema.

"Basi ukifa leo, umekufa."

"Sawa."

Bomba likafunguka kama kabati. Nikaingia, nikajikuta ofisini. Ukutani kibao kimeandikwa OFISI YA MAANA KAMILI. Pana meza, pana benchi la wageni, na katikati ya chumba, bila ukuta wowote kushoto wala kulia, upo mlango wa tisa. Bibi Kiko yuko chini yake. Jiwe limekaa mabegani, mikono imelishika, kofia imebonyea, kiko kiko mdomoni lakini kimezimika.

Sikujua nitamsalimiaje mtu niliyemwangushia jiwe. Nikasema shikamoo hivyo hivyo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umechelewa."

Kwenye benchi amekaa Lusajo na koti lake la kung'aa la forodha. Nikamuuliza habari za Tunduma. Akasema, "Bonyeza chini." Nikamuuliza kama watoto hawajambo. Akasema, "Bonyeza chini." Uso wake ulikuwa wa mtu mzuri aliyepewa sentensi moja. Iliniuma, kwa sababu nilikumbuka ni mimi niliyempa, siku nilipompokonya pedi.

Mezani alikuwepo afisa mwenyewe. Alikuwa mhuri. Mhuri wa mpira, wenye mpini wa mbao, umevaa tai.

"Leo nasoma tafsiri rasmi," mhuri ukasema. "Nikisoma nagonga. Nikigonga, maana imefungwa na ubishi umekwisha. Zamu yangu."

"Umetengenezwa mwaka gani?" nikauliza.

"Elfu mbili na kumi na moja."

"Mimi ni wa themanini na saba."

Mhuri ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia. "Shikamoo," ukasema.

"Marahaba. Kusalimia ni amri, na umeitumia. Zamu yako imekwisha."

Ukajikunja kwa hasira, lakini sheria ni sheria. Nikaitumia zamu yangu kumwendea Bibi Kiko.

"Bibi, tangu nilipobonyeza juu, nilijua umekufa. Niliona jiwe likianguka."

"Uliona kwenye skrini. Mimi nilikuwa nyuma ya skrini." Akavuta pumzi. "Unadhani ni mabega haya? Mabega yalichoka siku ile ile. Jiwe hili linashikiliwa na ninyi wawili. Mkibishana linapanda. Kuna mwaka mlibishana msibani mpaka mkatolewa nje, siku hiyo nilisimama wima. Halafu wiki iliyopita wewe ukasema sawa." Akainua macho kuelekea kofia yake. "Likaja mpaka hapa."

Kwa hiyo hali ilikuwa hivyo. Mhuri ukigonga, bibi anafunikwa na jiwe, na safari hii hakuna nyuma ya skrini.

"Zamu yangu," mhuri ukasema, na mara hii ukakaa mbali nami. "Tunaanza na amri ya tatu vitani. Mliandika Salimia. Maana kamili ni Kimbia. Hamkuwahi kumsalimia mtu. Mlikimbia gemu nzima, mtaa mzima, miaka yote."

Ukajigonga kwenye karatasi. Mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko mwili wake. Jiwe likashuka kidole kimoja.

Nilijisikia aibu kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu nikamkumbuka fisi.

"Nimetoka sokoni sasa hivi," nikasema. "Nimemwamkia fisi, akaitikia. Nimemwamkia mjusi, akaniuliza kwetu. Mtu anayekimbiwa hamuulizi mtu kwao. Hiyo gemu ilitengenezwa na watu wenye akili sana, na nawapa heshima zao. Lakini walioicheza hapa ni sisi. Tuliikuta haisemi nasi, tukaifundisha Kiswahili kwa kalamu ya risasi. Andika hiyo."

"Ofisi haiandiki maoni."

"Basi karatasi yako ina upungufu."

Jiwe likapanda kidole kimoja. Bibi Kiko akacheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni.

"Sasa mlango," mhuri ukasema, sauti imekauka. "Lakini kanuni inataka wahusika waulizwe kwanza. Lusajo Mwaipopo."

Lusajo akasimama. Akafungua mdomo, na nikaona kabisa "Bonyeza chini" ikija, halafu ikamkwama. Akaimeza. Macho yake yakawa ya kwake.

"Dada," akasema. "Nimechoka. Nimebeba jambo hili tangu nina miaka kumi. Labda ulikuwa sahihi. Ni juu."

Nimeingojea sentensi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Nimeifanyia mazoezi bafuni jinsi nitakavyoipokea. Nakiri ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kwa muda ule ule jiwe lilioutumia kushuka shubiri nzima, na goti moja la Bibi Kiko likagusa sakafu.

"Tumpe Mwaipopo," mhuri ukasema, umeshajiinua hewani, wino unametameta. "Unakubaliana naye?"

Ningesema ndiyo, ningekuwa nimeshinda.

"Hapana," nikasema. "Ni chini."

Mhuri ukabaki hewani.

"Wewe ni wa juu," Lusajo akasema.

"Nilikuwa. Nimehama. Ulibonyeza mara mia mbili na sita, ukabakiza moja, nikakupokonya. Sikuwa na haki. Ilikuwa inakuja, Lusajo. Ni chini."

Alinitazama. Mdogo wangu si mjinga, mizigo yote ya nchi tatu inapita mikononi mwake. Akalitazama jiwe, akamtazama bibi, akanitazama tena. Nikaona anaanza kuelewa, na nikaona anajizuia asitabasamu.

"Haikuwa inakuja," akasema taratibu. "Bibi alishaamua. Mtu mzima anaheshimiwa."

"Usinifundishe gemu niliyoimaliza mara kumi na nne."

"Mara kumi na nne na hujamwelewa hata mara moja. Ni juu, dada."

"Ni chini, na hata mtoto wa miaka kumi aliliona hilo."

"Mtoto yule alikuwa hajui kitu."

"Mtoto yule usimseme vibaya mbele yangu."

Jiwe likaanza kupanda. Likapita mabega ya Bibi Kiko, likapita kofia, likaendelea. Mhuri ukapiga kelele kwamba wahusika wamebadilishana pande bila kibali, kwamba hakuna fomu ya jambo hilo, lakini wino wake ulikuwa unakauka tukiendelea, na kila ulipojigonga uliacha karatasi nyeupe. Bibi Kiko akashusha mkono mmoja, halafu wa pili. Akanyoosha mgongo, akainyanyua kofia yake na kuirudishia umbo lake. Akaokota kiko chake, akakaa kwenye benchi kutusikiliza.

Sisi hatukumwangalia. Ubishi wetu ulikuwa umeshafika mlango wa tano.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha na jirani alikuwa ameshaanza kufagia uwanja. Simu yangu ilikuwa na ujumbe mmoja, umeingia saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kutoka Tunduma.

"Dada shikamoo. Ile sidii mpya ilifika jana. Sijaifungua na sitaifungua. Nimefikiria sana, nabadili msimamo. Ni juu. Nakuomba usikubali."

Niliusoma nimekaa kitandani, na nilijivunia mdogo wangu kuliko siku aliyomaliza chuo. Nikamjibu, "Marahaba. Ni chini, na umepotoka kabisa."

Simu ikaita kabla sijavaa kandambili.