Hasi, Hasi, Hasi

...na bado anacheka, Tulinagwe, mkewe, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko na Veronika wa kwaya, mama yake Godwin, kasimama mbele yake na ndoo ya dagaa, usipa wa Matema, na Asajile huku kwenye chanja anageuza kokoa kwa viganja, anageuza zile zile alizokwisha kuzigeuza, maana akiacha itabidi aende pale walipo, na akienda ataulizwa, naye amechoka, tangu juzi waliporudi Mbeya na majibu amechoka mpaka kwenye meno... “Zote hasi, Mama Godwin, zote tatu!” ndiye Tulinagwe huyo, “nimesoma mwenyewe, Kizungu hicho nakijua, hasi, hasi, hasi,” na Veronika anashukuru, “Ndaga fijo, Yesu, ndaga,” kesho Jumapili watamsimamisha mbele atoe shukrani, wimbo wamekwisha kuuchagua, na nani wa kumlaumu, yeye hasi anaijua tangu mwaka ule mchungaji alipokataa kutangaza ndoa yao mpaka wapime virusi, wakaenda Kyela mjini hawasemeshani njia nzima, wakaambiwa hasi, wote wawili, wakatoka wakanunua soda moja wakainywa kwa zamu wakicheka kama watoto, tangu siku hiyo hilo ni neno la kushukuru, angejuaje kwamba liko titi ambalo hasi ndiyo habari mbaya... hata yeye asingejua kama si daktari, Dokta Jubilate, binti ambaye labda kamzidi mtoto wao Kisa miaka sita au saba, aliyemwita ndani wakati Tulinagwe yuko kwenye foleni ya kutolewa damu, akavuta kiti akakaa karibu naye kabisa, na kile kiti tu kilimtosha Asajile kujua. “Baba, kwenye uvimbe tulitafuta protini tatu. Zingekuwepo, hata moja, kuna vidonge au sindano za kuilenga. Hazipo zote. Hii ndiyo saratani ya aina kali.” Halafu akaweka kidole chini ya karatasi, ipo nyingine, hii haitafutwi kama ipo au haipo, hii inaonyesha seli zinavyogawanyika, asilimia themanini, na yeye, mjinga yeye, akauliza kama themanini ni nzuri, alikuwa anafikiria alama za mtihani, na yule binti hakucheka, alisema, “Ina maana uvimbe unakua haraka, baba. Lakini unaokua haraka mara nyingi dripu nazo zinaupiga vizuri. Tukianza Jumatatu nafasi ipo. Tukichelewa sina la kukuahidi. Na hata ukiisha, miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuchunga, ndipo unapopenda kurudi.” Akasema anamwita mama amweleze mwenyewe, ni haki yake, na Asajile ndiye aliyesema hapana dokta, niachie mimi, nitamwambia nyumbani kwa Kinyakyusa, ataelewa vizuri zaidi... uongo huo, Tulinagwe Kiswahili anakijua kuliko yeye.

Na kweli alikusudia kumwambia, Mungu anajua, alikusudia wakiwa Tukuyu basi liliposimama, akashuka kununua ndizi za kuchoma apate pa kuanzia, kurudi akamkuta ameitoa karatasi kwenye bahasha, ameshapiga kelele, abiria wanampa mikono, bibi mmoja analia kwa furaha ya mtu asiyemjua, “Baba Kisa, si ni kweli? Si hasi?” akasema ndiyo, na ndiyo yenyewe ilikuwa kweli, ndilo lililoandikwa, amelala na hiyo ndiyo siku mbili, akijiambia anampa mkewe Jumapili moja ya kucheka... “Sasa Mbeya Jumatatu nikafanye nini?” anasikia, ile tarehe ya kurudi iliyo kwenye karatasi, “Jumatatu nipo shambani, mpunga umezidiwa na majani,” na Veronika anasema kabisa, mtu mzima unapoteza siku nzima barabarani kwa ajili ya nini, na mikono ya Asajile imesimama ndani ya kokoa, haendi, amesema haendi, na themanini katika mia zinagawanyika hapo hapo alipokaa, zinagawanyika akicheka, hazijui Jumapili hizo, wala kwaya... na ni nani hasa aliyepewa hiyo Jumapili, ni Tulinagwe, au ni yeye Asajile, miezi minne ya kuogopa na kuamka na kumtazama kama anapumua, aliyetaka siku mbili tu za mke anayecheka, akazichukua, akazilipia kwa mwili wa mwenzake. Ona, yeye Tulinagwe alifanya nini mama yake Asajile alipofariki, Asajile yuko Karonga, Malawi, na mchele wake wa kuuza, simu ingetosha, mtu wa kutumwa angepatikana, lakini alimfunga Kisa mgongoni akavuka mpaka wa Kasumulu, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akamkuta, vumbi mpaka kwenye kope, akamkalisha chini kwanza, akamshika magoti, akasema mama hayupo, “sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine,” halafu akakaa naye sakafuni mpaka jioni... hakumpa siku mbili za kutojua, hakumdharau hivyo, alimletea na akabaki.

“Mama Kisa,” anaita, na sauti inatoka ya kawaida, anashangaa. “Abee, nakuja, ngoja nimalizie hapa,” na anarudi kwa Veronika, wanabishana nani aanzishe wimbo kesho, jua liko pale pale juu ya migomba, kokoa ni zile zile na mikono yake inageuza tena, lakini sasa anajua atakavyosema, hataanza na protini wala asilimia, atamkalisha kwanza, atasema Jumatatu tunakwenda, halafu atasema kwa nini, lote, na kwamba alilijua na akanyamaza, na akitaka kumpiga na ampige, yeye hatoondoka pale... wanacheka tena kule, na Asajile anainua macho, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi anamtazama mkewe usoni anapocheka, na anangoja mgeni aage.