Askari Waliokuwa Wepesi Mno

Kahawa ya asubuhi ya shambulio ilitiwa pombe kali kama ilivyo desturi, na kila askari akapata kikombe chake ndani ya handaki la mawe, huko Karso, ambako Waitalia walipigana na Waustria. Vikombe vilipokusanywa, Padri Ermete Scandella alivaa stola, ule ukanda wa kipadri wa shingoni, juu ya koti la jeshi, akainua mkono, akawaondolea dhambi wote kwa mpigo. Nafasi ya kuungamisha mmoja mmoja haikuwapo. Vita haina subira. Walipoitikia "Amina" wakapaa shubiri moja kutoka ardhini, kama ilivyokuwa kila mara tangu theluji iyeyuke.

Shida ilikuwa kofia. Shubiri ile ilizitokeza juu ya magunia ya mchanga, na Waustria ng'ambo ya pili si vipofu.

"Padri, unanimalizia watu!" alifoka Kanali Tiraboschi. "Wanakufa kabla sijawatuma kufa! Mwachie kila mtu dhambi moja, imshike chini."

"Kanali, ondoleo si kanzu, nipunguze hapa nibakize pale."

"Wewe punguza tu. Ni amri."

Akapunguza. Tangu hapo kila askari alibakiza dhambi moja, na mabishano hayakuwa haba. Wengi walibakiza wanawake. Mpishi alibakiza maji aliyotia kwenye divai, maana hata hivyo hakuyajutia.

Kazi ikabaki kwa Bortolo, mchunga mbuzi kutoka milima ya Bergamo, asiye na dhambi ya kubakiza. Huyu alielea hata bila kuungama. Walimjaza mawe mifukoni, yakapaa naye. Padri alimpenda kijana yule, akataka arudi kwa mama yake mzima.

"Nenda kaibe jibini ya Kanali," alimnong'oneza kabla ya shambulio lililofuata. Aliona haya kusema hivyo.

Bortolo akaenda, akala yote, akarudi anaelea vilevile.

"We kijana, umeiba kweli?"

"Nimeiba, Padri. Ila kreti la jibini lina jina la kombania yetu. Kumbe ndiyo ile posho tuliyoambiwa imepotea njiani."

Mtu haibi chake. Padri alishika kichwa.

"Basi nitukane mimi. Upesi!"

"Padri naye! Mama akisikia je?"

Padri akamkamata mkanda kwa mikono miwili. Yeye kupaa hakukuogopa: tangu vita ianze alikuwa akibariki watu waende wakaue watu, na uzito wake ulitosha wawili.

Filimbi ikalia. Wenzake Bortolo wakapanda ngazi.

"Mwachie, Padri," alisema Kanali. "Au unaficha mtoro?"

Padri akamwachia. Bortolo alipita juu ya magunia bila kugusa ngazi, na risasi ikampata papo hapo. Hakuanguka. Aliendelea kupaa taratibu hadi juu ya mahandaki ya Waustria, ambako padri wao alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, kisha mizinga ikaendelea.

"Angalau huyu hakutuharibia ngazi," alisema Kanali.

Padri alitaka kumwendea, amtajie lile kreti mbele ya watu wote. Lakini miguu yake ilikuwa imezama kwenye mwamba hadi vifundoni. Ikabidi askari wawili wamng'oe haraka, maana kombania ya pili ilikwisha kupiga magoti, inasubiri baraka.