Begeli ya Matanga

Mji wetu una watu elfu mbili na mia tatu, ng'ombe wasiohesabika, na Wayahudi wanne. Tangu Jumanne tumebaki watatu.

Tulimzika Bibi Fruma Alhamisi asubuhi, kwenye kona ya makaburi tuliyokatiwa kwa hisani, upepo wa Nebraska ukitupokonya kofia. Tuliporudi, Mama alifunika vioo kwa shuka, desturi yetu ya msiba, na Babu Mendel akaketi kwenye kigoda cha wafiwa. Alikuwa hajatia kitu tumboni siku mbili, na ana kisukari. Nesi anayekuja kumpima sukari alinivuta mlangoni akaniambia, "Asipokula leo, kesho namlaza hospitali, apende asipende."

Sasa, kwetu sisi, mfiwa akitoka makaburini chakula chake cha kwanza hakitoki jikoni kwake. Huletwa na majirani, huwa kitu cha mviringo, na huliwa kabla jua halijazama. Kule Brooklyn tulikotoka, majirani hugombania kuleta. Huku, jirani yetu Darlene, mama asiye na baya na mtu, alikuwa ameleta bakuli la viazi na nyama ya nguruwe.

"Si ni cha mviringo, Babu?" nilisema. "Bakuli lenyewe."

Hakucheka. Hilo lilinitisha kuliko maneno ya nesi.

Babu yangu alichemsha na kuoka begeli, mkate wa duara wenye tundu katikati, miaka thelathini na moja, na kazi yake ya pili ilikuwa kutukana begeli za wenzake. Tangu Mama apate kazi huku tukahamia sote, kila Jumapili alinunua moja dukani, akaibonyeza kwa kidole gumba, akangoja inyanyuke. Hainyanyuki. Ndipo anatoa hukumu: "Huu ni mkate uliopigwa risasi." Au: "Godoro la gesti." Bibi Fruma alicheka mpaka akashika meza. Miaka minane, kila Jumapili tusi jipya.

"Basi yai, Babu. Nalo ni mviringo."

"Begeli," alisema. "Siku tuliyomzika baba yangu, msichana wa nyumba ya pili alituletea begeli kwenye kitambaa. Nilikuwa hata simjui jina." Akatazama kioo kilichofunikwa. "Lilikuwa Fruma."

Nani angebishana na hilo? Nikachukua funguo za gari. Ilikuwa saa sita mchana.

Dukani kwetu zilikuwapo za barafu, zimekatwa tayari, na ndani zimetiwa zabibu. Bibi angefufuka azitupe mwenyewe. Maili arobaini mbele, kwenye kituo cha mafuta, dada wa kaunta alisema, "Zipo!" kisha akanionyesha donati. Maili tisini, mkahawa wenye kibao kikubwa: BEGELI HALISI ZA NEW YORK. Nikaingia na moyo mkononi.

"Kaka, hizi mnazichemsha kwanza kabla ya kuoka?"

"Kuchemsha nini?" aliuliza kijana wa aproni.

"Begeli."

"Huu ni mkate, bwana, si viazi."

Nikabonyeza moja. Shimo la kidole changu lilibaki palepale, kama kaburi dogo.

"Ukiibonyeza umeinunua," akasema.

Nilinunua sita. Mbele yangu ilibaki Omaha, na Omaha ni saa nne nyingine, na jua halina huruma kwa mtu wa kipato changu.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Babu aliutazama mfuko.

"Nani kanunua?"

"Mimi."

"Na wewe unaishi wapi?"

"Babu, si chumba cha juu? Si unanipigia kelele kila asubuhi nizime redio?"

"Basi ni chakula cha nyumba hii. Mfiwa hali chake."

Maili mia na themanini. Mimi, niliyesomeshwa sheria hizi na huyuhuyu tangu sijaota meno ya mbele, nilikuwa nimesahau sehemu moja tu, ile yenye maana. Mama, kutoka kwenye kigoda chake, alisema polepole, "Zev. Mpelekee Darlene."

Nikakimbia kuvuka barabara.

"Mama Darlene, hizi zako. Zawadi."

"Oh, mwanangu! Lakini mimi daktari kanikataza ngano."

"Huzili. Unatuletea sisi."

"Si umezitoa kwenu?"

"Ndiyo. Sasa ni zako. Kwa hiyo unaweza kutuletea."

Alinitazama kama anayesubiri nimalize. "Nyinyi watu, hakuna jambo mnalifanya kwa njia fupi?"

"Hakuna. Ila jua likizama tumekwisha, mama yangu, chapuchapu!"

Jua lilikuwa limegusa paa la ghala la mahindi alipoingia. Alibeba sahani yake ya sikukuu, imefunikwa kitambaa cheupe, na uso wake umejaa furaha ya kusaidia.

"Nimezipasha moto!" alisema. "Kwenye maikrowevu. Dakika tano nzima."

Akafunua. Zilikuwa zimenywea, zimekunjamana, zinafuka moshi kama matairi baada ya maandamano. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Begeli mbaya namna ile haijapata kuonekana duniani. Tusi lake lingekuwa tusi la karne. Nilijiweka sawa karibu na Babu nisikose hata herufi.

Babu alichukua moja. Akanong'ona baraka. Hakuibonyeza. Akauma, akavuta kama anayeng'oa kiatu matopeni, akatafuna muda mrefu.

"Haya, Babu," nikasema. "Darlene, ziba masikio. Ni nini? Soli? Mkanda wa trekta?"

Akameza.

"Nzuri," alisema. "Asante, jirani."

Mama alishusha pumzi aliyoibana tangu Jumanne. Darlene alifuta macho. Babu aliendelea kula, kipande kwa kipande, mpaka begeli yake ikabaki makombo, na makombo nayo akayaokota. Nesi hatakuwa na sababu ya kumlaza. Nilichotumwa nimekileta.

Nilichukua moja nikaibonyeza mbele ya macho yake. Ilikuwa ngumu sasa, ikapasuka.

"Babu, itazame. Sema kitu. Moja tu."

Aliipokea, akaitazama, kisha akatazama meza aliyokuwa akiishika Bibi, akanirudishia mkononi kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Kula."